Filimbi Isilie

Kocha Lyle aliniita ofisini Ijumaa baada ya mazoezi, akanisukumia bakuli la pipi, nikajua hapa hakuna heri. Kocha Lyle Hovick hagawi pipi bure. Bakuli lile hutoka kabatini pale tu anapotaka kumwambia mtu jambo la kumuumiza.

"Gerda," akasema, "kesho utaanza."

Sikuwa nimeanza mechi tangu kabla ya Krismasi, na sasa tuko mwisho wa Februari.

"Ni siku ya wanaohitimu, desturi unaijua. Kila aliye mwaka wa mwisho anaanza, hata kama msimu mzima hajavaa raba. Utaitwa jina, utatembea na bibi yako mpaka katikati ya uwanja, mtapigwa picha, mtapigiwa makofi. Halafu mpira utarushwa. Filimbi ya kwanza ikilia tu, Addy anaingia, wewe unatoka. Watu watasimama. Maua nitakupa kwa mkono wangu mwenyewe. Itapendeza."

"Halafu narudi uwanjani lini?"

Akazitazama pipi zake. "Kesho lazima tushinde, Gerda. Tukishinda tunaingia mashindano ya kanda. Tukishindwa, msimu umekwisha. Sitaki kubahatisha."

Yaani mimi ndiye wa kubahatisha. Miaka mitatu nimeibeba timu ya mpira wa kikapu ya wasichana ya Chuo cha Tolliver mgongoni, mgongo wenyewe ukibadilika rangi kama biringanya, leo nimekuwa bahati nasibu. Pipi sikuchukua. Na mlango niliufunga kwa nguvu zaidi kidogo ya vile adabu inavyoruhusu.

Hebu nieleze tulivyofika hapo, maana mtu akisikia senta, mchezaji wa chini ya kikapu, mwenye futi sita na ushee amekalishwa benchi atadhani ni mvivu au ana ugonjwa.

Miaka mitatu hiyo hatukuwa na msichana hata mmoja wa kufunga kutoka mbali. Jimbo zima la Iowa lilijua. Timu zikija kucheza nasi, walinzi wao waliwaacha wenzangu kule nje ya mstari wa pointi tatu wapunge upepo, wote wakaja kwangu chini ya kikapu. Nikipokea mpira, mmoja yuko mgongoni, wa pili ubavuni, wa tatu ananichungulia puani. Wenzangu nao kwa huruma wakakimbilia ndani kunisaidia, kila mmoja na mlinzi wake nyuma. Tukajazana mle kama nguruwe kwenye hori. Kwetu tunafuga nguruwe, najua ninachosema. Na waamuzi wakimwona msichana mkubwa anapigwa, wanadhani haumii. Nimeomba filimbi miaka mitatu kwa macho, kwa mikono, kwa midomo. Hailii.

Kiangazi kilichopita wakahamia wawili. Jolene Beasley alitoka vilima vya Kentucky, mwembamba, mdomo mrefu kuliko yeye. Renata Salcedo alitoka Storm Lake, mpole, haongei mpaka umkanyage. Siku ya kwanza ya mazoezi walisimama kila mmoja pembe yake wakawa wanatupia tu, wavu unalia chwa, chwa, chwa. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu kama mwehu. Jolene akaniuliza, "We ghorofa, unacheka nini?" Nikamwambia, "Nimekungoja miaka mitatu, wewe."

Na wiki zile za mwanzo zilikuwa raha tupu. Nikipokea mpira, mlinzi aliyezoea kuja kuniponda anageuza shingo, anamwangalia Jolene, miguu inamwambia nenda, kichwa kinamwambia baki. Akija, namtupia Jolene, tatu. Asipokuja, nabaki na mmoja, na mmoja hajawahi kuniweza. Hata Corinne, nahodha wetu anayepanga mchezo, alianza kupita katikati akidunda mpira kama anakwenda dukani. Hatukuongeza nguvu yoyote. Tuliongezewa nafasi tu.

Kocha Lyle akaona, akafurahi, na furaha ikamvuruga. Alipiga hesabu kwamba kama wadunguaji wawili, hawa wa kutupia kutoka mbali, wametufaa hivi, watano watatufaa zaidi. Akamchukua Addy Brandsma, mtoto wa mwaka wa kwanza mwenye mkono mzuri, akampa nafasi yangu. Wote watano wakasimama nje ya mstari. Ndani akabaki nani? Hakuna. Mimi nikawa wa kubeba chupa za maji.

Desemba ilikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Januari watu wakaamka. Kama chini ya kikapu hakuna wa kuogopwa, kwa nini mtu abaki kupalinda? Walinzi wakapanda wote mpaka kwenye mstari, wakawaganda akina Jolene, hawapumui. Wakawa wanatupia kwa haraka, wanatupia wakiwa wamepinda, wanatupia kutoka mbali ambako hata mama zao hawawaoni. Tukaanza kupigwa. Na unajua Kocha alifanya nini? Alipiga magoti uwanjani na utepe wa bluu, akaubandika hatua mbili nyuma ya mstari, akasema, "Simameni hapa." Yaani mtu anakukimbiza nyumbani kwako, ushauri unaopewa ni uhamie mbali zaidi.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Kocha, hawa wanahitaji mtu wa ndani wa kuwarudisha wale walinzi nyuma. Niweke mimi na wao."

Akaniambia takwimu hazidanganyi. Nikamwambia takwimu hazijawahi kupigwa kiwiko. Tangu siku ile hatukusemezana vizuri.

Jioni ile ya Ijumaa nilimsimulia bibi yangu, Mina Terpstra, tukila supu ya njegere. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuwa atembee na mimi. Bibi alicheza ule mchezo wa zamani wa wasichana wa Iowa, wachezaji sita kila upande, watatu wa kushambulia na watatu wa kulinda, na mstari wa katikati hauvukwi hata nyumba ikiungua. Aliweka kijiko chini.

"Sitembei," akasema. "Nikutembeze na maua ili wakutoe? Hiyo ni harusi au maziko?"

"Bibi, ukigoma watasema tumekasirika."

"Si tumekasirika? Na wa kulaumiwa ni hao wawili uliowaleta nyumbani kula keki yangu. Wavivu. Mtu anasimama kilomita nzima na kikapu anarusha jiwe. Wamekufukuza kwenye kazi yako, na wewe unawachekea."

Hapo nikapandwa na hasira mara ya pili siku ile. "Usiwaguse hao, Bibi. Hao ndio walionitoa kwenye hori. Aliyenifukuza ni Kocha. Wewe unasema wao hawafai, Kocha anasema mimi sifai, na wote wawili mmekosea."

Bibi hajazoea kujibiwa. Akavuta mkate. "Kula supu yako," akasema. "Inapoa."

Jumamosi mchana, chumba cha kubadilishia nguo, niliwaambia wasichana yote. Sikutaka mtu ashangae. Jolene alitukana neno moja la kwao Kentucky. Corinne, ambaye naye alikuwa mwaka wa mwisho lakini huanza kila mechi, akanishika bega. Addy alikuwa akifunga kamba za raba, masikio yamemwiva.

Ni Renata aliyesema, kwa sauti yake ile ya kuomba chumvi. "Na filimbi isipolia?"

Tukamgeukia.

"Mchezaji wa akiba haingii saa ikitembea," akasema. "Anapiga goti mbele ya meza ya saa anangoja. Mpira ukiingia kikapuni saa haisimami. Inasimama mtu akicheza faulo, au mpira ukitoka nje, au kocha akiomba muda. Kocha wetu haombi muda robo ya kwanza."

Hiyo ni kweli. Kocha Lyle hubana nafasi zake za kuomba muda kama mama anayebana sukari ya wageni.

"Ndani ya dakika moja lazima mtu achezewe faulo," Corinne akasema. "Mbili, ukiwa na bahati."

"Basi tusiwaguse," nikasema. "Wakitaka kufunga, wafunge. Mpira ukitaka kutoka, haturuhusu. Na mimi wakinipiga, sitalia."

Jolene akaanza kucheka. "Ghorofa, unataka kucheza mpira bila kuugusa mwili wa mtu? Wewe?"

"Nitajaribu."

Addy akainua kichwa. "Mimi nikitumwa mezani nitakwenda," akasema. "Siwezi kumgomea Kocha. Lakini kungoja sio kazi ngumu." Akarudi kwenye kamba zake.

Ukumbi ulijaa. Wakulima, walimu, wanafunzi waliojipaka rangi mashavuni, harufu ya bisi na kahawa. Walipoita jina langu nikatoka peke yangu, nikijua Bibi amegoma, kumbe yuko pale mlangoni na koti lake la kanisani, amenyoosha mkono nimshike. Tulitembea mpaka katikati. Msichana wa ofisi akaja na maua, mawaridi meupe yamefungwa utepe. Bibi akayatazama kama mtu aliyepewa bili ya jirani.

"Weka pale mezani," akamwambia. "Atayachukua akimaliza kazi."

"Lakini Kocha alisema akitoka..."

"Binti, nimesema akimaliza."

Maua yakawekwa mezani kando ya saa. Kocha Lyle aliona, akakunja uso, lakini kamera zilikuwa zinapiga.

Wageni walikuwa Prairie Fork. Kocha wao ni mwanamke mfupi, miwani imekaa kichwani, na senta wao ni msichana mwekundu wa nywele mwenye viwiko vilivyochongoka. Mpira uliporushwa niliufikia kwanza, nikampa Corinne. Macho ya pembeni yakaniambia Addy ameshavua koti la mazoezi. Kabla hatujavuka katikati alikuwa amepiga goti mbele ya meza.

Jolene akaenda pembe ya kulia, Renata ya kushoto, Tess, mwenzetu wa tano, akakaa juu. Nikasimama chini ya kikapu, mgongo kwa yule mwekundu, nikainua mkono. Mpira ukaja. Nikakaza tumbo kungoja wa pili na wa tatu, maana mwili umezoea. Wa pili akapiga hatua moja kuja, akamwangalia Jolene, akarudi. Wa tatu hakuonekana. Nilikuwa na mtu mmoja mgongoni na uwanja mzima mbele yangu. Nikazungusha bega, nikaweka mpira kwenye kibao, ukaingia. Saa ikaendelea kutembea.

Mara ya pili yule mlinzi wa Renata alishindwa kujizuia, akaja. Sikumtazama hata. Nikautupa mpira pembeni ninakojua Renata yuko, nikasikia wavu. Tatu. Saa inatembea.

Wao wakashambulia. Yule mwekundu alimpita Tess, Tess akainua mkono kumkamata.

"Muache," nikamwambia.

Akamuacha. Msichana wa watu akafunga peke yake, akageuka akitushangaa, maana hajawahi kufunguliwa mlango hivyo. Kocha Lyle alishika kichwa. "Mnalinda au mmekuja kumsindikiza?" Corinne alikuwa ameshaubeba mpira anapandisha, na Tess naye akapata nafasi wazi, akatupia akakosa, lakini mpira ukadunda kwenye chuma ukanirudia mikononi, nikaurudisha ndani.

Hapo Kocha akaanza kuelewa. Alimtazama Addy pale chini, akaitazama saa, akasimama pembeni kabisa ya mstari. "Corinne! Toa mpira nje!"

Corinne akaweka mkono sikioni kama bibi kizee, akaendelea kudunda.

Na watu wakaelewa. Sijui nani alianza, nadhani ni akina mama wa safu ya Bibi, ambao wanaijua michezo kuliko magazeti. Waliona mtoto amepiga goti, wakaona mimi niko ndani, wakakumbuka ni siku gani. Kila mpira ulipokaribia mstari wa nje ukumbi ulivuta pumzi, na kila ulipookolewa wakaguna kwa raha. Sijawahi kusikia watu wakishangilia mchezo usisimame.

Kisha yule mwekundu akaniwekea kiwiko cha mdomo.

Kilikuwa kiwiko halisi, cha kunifundisha adabu. Niliona nyota. Jino likachana mdomo kwa ndani, damu ikajaa. Nikwambie, siku nyingine zote ningeshika uso, ningeanguka, ningemtazama mwamuzi kwa macho ya yatima. Siku hiyo nilifumba mdomo, nikameza. Maana kuna sheria nyingine mbaya kuliko faulo. Mchezaji anayetoka damu anaondolewa uwanjani, hana mjadala.

Mwamuzi alikuwa anakimbia kando yangu. "Uko sawa, namba kumi na nne?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, midomo imebana.

"Una uhakika?"

Nikatabasamu bila meno. Akaniacha. Miaka mitatu nimemwomba mtu huyu huyu filimbi, na siku pekee alipotaka kunipa ndiyo siku nilipomnyima nafasi.

Jolene akafunga tatu. Wao wakakosa. Mimi nikafunga tena, mbele ya watu wawili, maana yule wa pili alikuja nusu tu, nusu nyingine aliiacha kwa Renata. Nilikuwa nahema, ladha ya chuma kooni, miguu inauma, na ninyi msioucheza mchezo huu hamwezi kujua nilivyokuwa na furaha.

Ndipo Jolene alipokosea pasi. Mpira ulimpita Tess, ukaelekea nje, moja kwa moja upande wa benchi letu. Nikaona Addy ameanza kuinuka mwenyewe bila kutaka. Nikakimbia. Mimi si mtu wa kukimbia, mimi ni mtu wa kusimama, lakini nilikimbia, nikaruka kabla ya mstari, nikaukuta mpira hewani nikaupiga kwa kiganja nyuma yangu, sijui unakwenda kwa nani. Mimi mwenyewe nikatua juu ya Kocha Lyle.

Kiti kikaanguka, Kocha akaanguka, nami juu yake na kilo zangu zote. Tulitazamana pua kwa pua.

"Gerda," akasema kwa pumzi ndogo iliyobaki, "unafanya nini?"

"Mmh," nikamjibu, maana mdomo sikuweza kuufungua.

Nyuma yangu ukumbi ukalipuka. Mpira ulimfikia Renata, na Renata hakuuliza umetoka wapi. Alitupia tu, ukaingia. Nikajivuta kutoka kwenye tumbo la Kocha nikarudi uwanjani mbio, na saa ilikuwa bado inatembea.

Honi ikalia.

Nilisimama palepale. Nilidhani Kocha Lyle ameshindwa kuvumilia, ameuvunja mwiko wake kunitoa. Nikageuka kumtazama. Yeye alikuwa bado anainua kiti, anashangaa kama mimi. Ng'ambo, yule mwanamke mfupi wa Prairie Fork alikuwa ameshusha miwani machoni, mikono ameifanya alama ya kuomba muda. Kocha wao ndiye aliyeusimamisha mchezo, kwa sababu hakuweza kuendelea kutuangalia.

Tulikwenda kwenye benchi. Sikukaa. Nilichukua taulo nikatema damu ndani yake, nikalikunja. Kocha akaona. Akatazama taulo, akanitazama usoni, akafungua mdomo, na nilijua kinachokuja.

"Umecheza vizuri sana, Gerda. Kweli. Watu wamefurahi." Alikuwa anahema. "Addy, ingia."

Addy alisimama mbele ya meza, goti jekundu. Hakuja wala hakwenda.

"Nitaingia, Kocha," akasema. "Ila sio badala ya Gerda."

"Nini?"

"Nimekaa pale chini nikiangalia. Mwezi mzima huu sijawahi kuona Renata akitupia bila mtu. Leo anatupia kama yuko nyumbani kwao."

Kocha akageuka kama anatafuta mtu mzima wa kuongea naye. Akakutana na Renata. Na Renata, asiyeongea mpaka umkanyage, akasema, "Ukimtoa, wanarudi kunifukuza mpaka kwenye ule utepe wako wa bluu. Nimechoka na utepe."

"Mimi ndiye kocha hapa," Kocha Lyle akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayejikumbusha.

"Ndiyo, Kocha," nikamwambia, mdomo umevimba. "Na mimi ndiye senta. Wewe ulileta wadunguaji, na asante, ulifanya vyema. Lakini umefungua mlango kisha ukamtoa mtu wa kupita. Siombi maua. Siombi makofi. Ukiniona nimekosea uwanjani, nitoe mara moja. Lakini usinitoe kwa desturi."

Jolene akanyoosha kidole ng'ambo. Kule, kocha wa Prairie Fork alikuwa amepiga magoti mbele ya wasichana wake na kibao chake cha kuchorea, anachora kwa hasira, na wote wanakitazama wakitikisa vichwa.

"Unajua anachora nini yule?" Jolene akasema. "Anachora namna ya kumtoa Gerda mchezoni. Usimfanyie kazi yake, Kocha."

Kocha Lyle aliangalia kule. Sijui alifikiria nini, na sitajifanya najua. Alipangusa suruali yake pale nilipomwangukia. Kisha akasema, bila kunitazama, "Tess, pumzika. Addy, chukua nafasi ya Tess." Akaongeza, "Na mtu amwekee huyu barafu mdomoni kabla mwamuzi hajamwona."

Basi tukarudi na wadunguaji watatu na mimi katikati yao, jambo ambalo msimu mzima hatujawahi kulijaribu.

Ile michoro ya yule mwanamke ilionekana mara moja. Nilipopokea mpira, walikuja watatu kwa pamoja, kama zamani. Mmoja mgongoni, wa pili ubavuni, wa tatu puani. Mwili wangu ukakumbuka miaka mitatu, ukataka kupigana, kujibana, kupanda juu yao na kuanguka nao. Lakini kama watatu wako kwangu, wawili wamebaki kule nje na watu wanne. Hesabu hiyo hata mimi naiweza. Niliinua mpira juu ya vichwa vyao vyote nikaangalia. Pembeni kulia kulikuwa na mtoto wa mwaka wa kwanza, goti jekundu, peke yake kabisa, hata kivuli cha mtu hakuna. Yule yule aliyepangwa kuchukua nafasi yangu.

Nikampa.

Addy hakuharakisha. Alikuwa na muda wa kusali, angetaka. Akatupia, na wakati mpira uko hewani mimi nilikuwa tayari nimegeuka kurudi kulinda, maana niliusikia ukitoka mkononi mwake na nilijua.

Hatukushinda kwa urahisi. Prairie Fork si watoto. Walitufukuzia hadi robo ya mwisho, na niliendelea kupigwa, safari hii nikiomba filimbi zangu zote kwa sauti, na nyingine nilipewa. Lakini sikukaa benchi ila nilipoomba maji mwenyewe. Honi ya mwisho ilipolia tulikuwa mbele, na Jolene alinipanda mgongoni akipiga kelele ambazo nadhani Kentucky walizisikia.

Bibi alishuka ngazi taratibu. Alinishika kidevu, akanifunua mdomo kama anavyowafunua nguruwe wagonjwa, akachungulia.

"Jino lipo," akasema. Kisha akamgeukia Renata, akamtazama kutoka raba mpaka nywele. "Na wewe. Lile jiwe lako la mwisho."

"Ndiyo, Bibi?"

"Lilikuwa zuri. Njoo ule keki."

Kocha Lyle alikuwa nyuma yetu, ameshika mawaridi meupe kwa mikono miwili. Ukumbi ulikuwa bado umejaa na wapiga picha walikuwa wanamngoja. Alininyooshea.

"Haya, Gerda. Sasa umemaliza. Chukua."

Niliyatazama. Yalikuwa maua mazuri, siyasingizii. Lakini desturi ni desturi, na maua yale hupewa mtu anayeondoka.

"Yaweke kwenye maji, Kocha," nikamwambia. "Jumanne tuna mechi."